Mtambo wa Mjane Keziah

Lemuel Stroud hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mropokaji tu, na kule milimani Kentucky mropokaji husamehewa, ila siku ya mnada wa mali ya marehemu.

Asa Pickard alikufa na madeni. Mahakama ya kaunti ikateua msimamizi wa mirathi, naye akaviweka vitu vyote vya marehemu uani vipigwe mnada: ng'ombe, masufuria, hadi mtambo wa kufumia nguo wa mjane, Keziah, uliokuwa ukilisha watoto watano. Sheria ilitaka hivyo. Lakini majirani walikuwa na sheria yao: mjane akitaja bei, wanaume wote hukodolea macho viatu vyao. Anachukua kitu chake kwa senti moja, na karani anaandika bila kuinua uso.

Lemuel hakuona viatu wala mjane. Alikuwa nyuma ya ghala kwenye pipa la wiski, ambalo msimamizi huwawekea wanunuzi ili wachangamke. Alikuwa amechangamka. Akamsikia dalali akiuliza kama kuna anayezidisha senti moja kwa mtambo mzima, akadhani bahati imemwangukia.

"Dola mbili!"

Wanaume wote wakainua macho kutoka kwenye viatu, wakageukia ghala. Alipochungulia, alimwona Keziah mbele peke yake, mkono bado uko juu. Dalali akangoja, akangoja tena. Keziah akaushusha mkono, na nyundo ya dalali ikagonga.

Lemuel alimwendea karani, akamsihi aifute ile bei.

"Hiki ni kitabu cha mahakama, bwana, si ukuta wa choo chako. Wajukuu zako watakisoma."

Nyumbani mkewe hakumgombeza. Alimtengea mkate wa mahindi, kisha akaenda kula kwa dada yake.

Kesho yake Lemuel akaupakia mtambo kwenye mkokoteni, akamrudishia mjane. Akasema ni zawadi.

"Zawadi sipokei, Bwana Stroud," Keziah alisema. "Dola mbili zako nitazilipa kwa kufuma."

Lemuel akamwomba aupokee bure. Akakaribia kupiga magoti.

"Uweke pale dirishani. Na usiuburuze, sakafu bado ni yangu."

Ikawa kila akimaliza shati, Keziah humkabidhi mlangoni mwa kanisa, watu wote wakitoka, kwa sauti ya upole kabisa. Kulivaa, aibu. Kutolivaa, aibu zaidi. Hakuwahi kumpima hata mara moja, na mashati yote yalimkaa sawasawa.