Bibo na Maji ya Mama Hadija

Ilianza Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, nikiwa darasa la nne. Sasa niko kidato cha tatu, lakini harufu ya mabibo yanayochacha chini ya mikorosho ikinifikia, vidole vyangu hukumbuka meno ya mbwa wetu. Nilimwita Bibo kwa sababu ya rangi yake, wekundu wa bibo lililoiva.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja: yeye huuma, mimi hucheka na kukimbia, yeye hunifuata akibweka. Kumkaripia nilijaribu. Ila mimi ni mtu wa haya. "Acha" yangu hata kuku hawakuisikia.

Jioni hiyo rafiki yangu Hadija, jirani yetu, alipita akitoka madrasa. Bibo akaniacha, akadaka pindo la baibui lake, akavuta mpaka likalowa mate. Hadija akapiga yowe. Mama yake akatoka mbio.

Kwa Waislamu kama wao, mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nyie mnaofungua bomba tu hamtanielewa: Newala, mwisho wa kiangazi, maji hayo ni ya kupikia siku nzima. Mama Hadija akaanza kuliosha baibui, nami nikahesabu kila kata ya maji aliyomimina.

"Nisamehe, Mama Hadija," mama yangu alisema, macho chini. "Kesho nampeleka Nanganga kwa kaka yangu."

Nililia tu. Bibo, akidhani ni mchezo mwingine, akaning'ata kisigino. Nikaruka, nikakimbia.

"Wee Neema! Mbona unamwalika?" Mama Hadija aliita, mikono ikichuruzika maji. "Ukikimbia, unamwambia twende! Baba yangu alifuga mbwa wa kufukuza ngedere shambani. Akikuuma, simama, kunja mikono, mpe mgongo. Kimya! Akitulia, ndipo mcheze."

"Kukaa kimya?" Hadija akadakia. "Hilo Neema hahitaji kufundishwa!"

Tulicheka wote, hata mama.

"Mpe wiki moja, Mama Neema. Lakini mate yakigusa tena nguo ya mwanangu, Nanganga!"

Nilijaribu palepale. Aliuma, nikampa mgongo. Akabweka, akanizunguka, akabweka tena, kisha akakaa akishangaa mchezo umekwenda wapi.

Wakati ule nilifurahi tu kwamba mbwa wangu amebaki. Baadaye ndipo nilipoelewa: aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote ndiye aliyemtetea. Na kimya changu, nilichokionea aibu miaka yote, siku ile kilikuwa na kazi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, nilichota ndoo moja ya maji kwenye pipa letu, nikajitwisha, nikaenda kwa Mama Hadija. Njiani Bibo aliliendea pindo la gauni langu, mdomo wazi. Nikasimama, ndoo kichwani, bila neno. Akaufunga mdomo, akakaa. Nikafika mlangoni, nikavuta pumzi, na "shikamoo" yangu ikasikika mpaka uani.