Muhuri wa Haraka

Mkuu wetu wa chumba cha setilaiti ana vidole vya mpiga mihuri: ncha zake ni za zambarau hata siku za mapumziko. Setilaiti yenyewe haizidi boksi la viatu, na kazi yake ni moja tu, kunasa milipuko ya miale ya gama huko angani. Milipuko hiyo humulika sekunde chache na kutoweka, kwa hiyo tunatakiwa kuwaambia wenye darubini upesi. Lakini taarifa haitoki bila muhuri wake ulioandikwa HARAKA, ambao huupiga polepole, kisha huupuliza mpaka wino ukauke.

Juzi kengele ikalia. Nikamkimbilia. "Mzee, mlipuko! Tutangaze?"

"Umetokea wapi?"

"Mbali, mzee. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni nane."

Akakoroga chai. "Miaka yote hiyo mwanga huo umevumilia, leo unashindwa kusubiri nimalize kikombe?"

Akamaliza. Akagonga muhuri, akapuliza. Wenye darubini wakajibu kwamba mwanga ulishazimika. Akalisoma jibu, akalikunja vizuri, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Mlipuko unaofuata ni saa ngapi?"