Mkia Ulioandikwa HATUGEUKI

Tulipohamishiwa kijiji kipya tuliambiwa tunasogezwa karibu na huduma. Ilikuwa kweli, ila huduma zenyewe zilikuwa bado hazijasogezwa. Zamani nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka Mto Mkondoa. Mama yangu akisimama mlangoni aliusikia. Kijiji kipya kilipangwa juu, upande wa kwendea Kidete, nyumba zimenyooka kama wanafunzi gwarideni, na mto ukabaki kule kule chini kwa kuwa haukuhudhuria mkutano. Kwenda na kurudi na debe kichwani kulimaliza asubuhi nzima. Mama alikuwa na nyonga mbovu. Akiteremka alishika miti, akipanda alikaza meno.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Cheo hicho kizito nilikipata kwa sababu nilijua kusoma, na kwa sababu baba akiwa hai tuliishi kwenye kambi ya mkonge karibu na Kilosa, ambako palikuwa na pampu ya upepo. Nilikuwa mtu pekee kwenye kamati aliyewahi kuiona mashine ya maji ikitoa maji. Nikajitapa kwa mama kwamba masika yakiisha hatashuka tena mtoni.

"Haya, katibu," alinijibu, akachukua debe lake akashuka mtoni.

Bwana maji alikuja na kitabu cha picha ili tuchague. Pampu ya dizeli tuliikataa, kwani trekta letu peke yake lilikuwa linakunywa dizeli kuliko shamba lilivyokuwa linakunywa mvua. Pampu ya mkono ilikataliwa na wanaume wa kamati, ambao walisema ni kazi ngumu, ingawa hakuna aliyewahi kuwaona wakibeba debe. Ikabaki pampu ya upepo. Nilisimama nikaeleza: juu ya mnara kuna mapanga yanayozungushwa na upepo, na nyuma ya mapanga kuna mkia, bati pana lililo bapa. Upepo ukihama unausukuma mkia, na mapanga yanageuka yenyewe. Hahitajiki mtu wa kuyaelekeza.

"Inajitegemea," nilisema, nikijua neno hilo lilivyokuwa linafungua milango siku zile.

Mwenyekiti wa kijiji hakuridhika. "Ndugu Katibu, unatuletea chombo kinachofuata upepo? Watu wa kufuata upepo tunao wa kutosha."

"Hakifuati upepo, Ndugu Mwenyekiti. Kinaukabili."

Nilipigiwa makofi marefu. Kwa wiki nzima kila mtu alikuwa anakabili kitu: huyu jembe, yule ugali. Nilijiona mwanasiasa.

Miezi ikapita, ikaja barua kutoka wilayani: mashine yenu imewasili kutoka Ulaya, fanyeni utaratibu wa kuichukua. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaagiza trekta liende Ulaya. Sasa, kwa asiyetoka kwetu, sisi Ulaya tunayo. Iko kusini ya Kilosa, ukishika njia ya Mikumi, na wenyewe wanalima mahindi na mpunga. Mimi nilishuku kwamba waliounda pampu ile hawakuwa wakulima wa mpunga. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshatoa agizo, na mimi, bingwa wa kukabili, nikapanda kwenye tela.

Watu wa Ulaya walitupokea vizuri. Walisema mashine waliyonayo ni cherehani moja, na mwenyewe haiuzi. Wakatushauri tujaribu Mikumi, kwa kuwa huko Wazungu hupita kuangalia tembo, huenda mmoja wao ameiacha. Tukaenda Mikumi. Tembo tuliwaona. Siku ya tatu, tukirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, karani wa stesheni ya Kilosa alituita akatuuliza ni lini tutamwondolea vyuma vyetu mlangoni.

Tulivifikisha kijijini jua likiwa linazama. Asubuhi nilikwenda kuvihesabu kwa kufuata orodha. Mnara ulikuwepo, mapanga yalikuwepo, nati na bolti zilikuwepo. Mkia haukuwepo.

Niliuona nilipokuwa nikielekea nyumbani. Mwenyekiti, mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo, alikuwa ameliona bati jipya, bapa, halina hata herufi moja. Yeye hakuweza kuvumilia kitu kilichobaki bila maandishi. Alilisimamisha juu ya nguzo mbili pale barabara inapoingia kijijini, akachukua rangi nyekundu aandike HATUGEUKI NYUMA. Rangi ilimwishia kwenye neno la kwanza. Likabaki HATUGEUKI.

Nililijua bati lile papo hapo. Mwenyekiti alikuwa kando yake, brashi mkononi, akaniuliza, "Unalionaje, Ndugu Katibu?"

"Linapendeza," nilisema.

Ningesema nini? Kuling'oa bango la siasa mbele ya macho ya watu, siku zile, mimi katibu? Nilijiambia nitamweleza baadaye, kwa utulivu. Baadaye ina tabia yake, haifiki.

Tukausimamisha mnara bila mkia. Siku ya ufunguzi wanaume wawili walijificha nyuma ya tangi na kamba, wakiyavuta mapanga yauelekee upepo, mgeni rasmi akastaajabia mashine inayojiongoza. Alipoondoka tukaweka zamu za kuvuta kamba. Upepo wa kwetu asubuhi unashuka milimani na alasiri unabadili nia, kwa hiyo mtu wa zamu alitakiwa awe macho mchana kutwa. Zamu zilidumu wiki mbili. Kisha mtu mmoja akafungia mbuzi kwa ile kamba, na pampu ikasimama imeupa upepo mgongo. Masika yalikwisha. Kiangazi kikaja, na mama yangu aliendelea kushuka mtoni.

Siku moja alichelewa. Nilikwenda kumtafuta, nikamkuta ameketi chini ya bango, debe limelala ubavuni, maji yote yamemezwa na vumbi. Alikuwa ameanguka. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia juu.

"Baba," alinambia, "huu si mkia wa ile mashine? Kama ule wa kambini?"

"Mama, hilo ni bango. Limeandikwa."

"Mimi sijui kusoma." Hakujua kweli, darasa la watu wazima lilikuwa asubuhi, na asubuhi zake zote zilikuwa mtoni. "Mimi naona bati lenye matundu manne ya bolti."

Mwenyekiti akatokea na baiskeli yake, akashuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niondoleeni mkia wangu hapo juu."

Nilingoja radi ipige. Mwenyekiti alikwenda nyuma ya bati, akaingiza kidole kwenye tundu moja, kisha jingine. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona haya.

"Kumbe! Mimi nilidhani ni ubao wa matangazo. Ndugu Katibu, wewe ndiye mwenye orodha. Mbona hukusema?"

Mama aligeuza shingo taratibu akanitazama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Aliinuka kwa kushika nguzo, si mkono wangu.

Kesho yake mwenyekiti mwenyewe alinishikia ngazi, nami nikaufunga mkia kwa spana. Upepo ulipogonga bati, mapanga yakageuka, yakatafuta, yakatulia, yakaanza kuzunguka. Maji yalikohoa kwenye bomba kisha yakaja. HATUGEUKI iligeuka kuelekea Kidete, ikageuka kuelekea Kilosa, mchana kutwa, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka mwenyekiti alipocheka.

Wanawake walijipanga bombani kwa vigelegele. Mama alikuja wa mwisho, anachechemea, debe tupu mkononi. Nikasogea nimkingie maji. Hakunipa nafasi. Alinivua kofia, akaniwekea kata yake ya kitambaa kichwani, na juu ya kata akaweka debe.

"Nenda mtoni," alisema.

"Mama, maji si haya?"

"Hayo nimeyaona."

Bomba likaendelea kumwaga. Nikashuka mtoni.