Jina Lililokuwa Kwenye Barua Halikuwa Langu

Admin, jina langu lifiche. Anayeniandikia ni mjukuu wangu, na yeye mwenyewe anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Mimi ni mjane wa miaka themanini na tano, naishi Taita. Ndugu yangu wa tumbo moja ni mmoja tu, mdogo wangu, nitamwita Tekla. Nilimkosea tukiwa wasichana, na mpaka leo hajui.

Miaka ya hamsini baba yetu, askari wa polisi, alihamishiwa Lamu. Tulipanga chumba Mkomani kwa Bi Mwanaisha. Mtaa mzima ni Waislamu, tukiishi nao vizuri, ila Wakatoliki tulikuwa sita tu: sisi wanne na makarani wawili. Padri alikuja mara chache kwa mwaka, akisoma misa humo humo chumbani kwetu. Tekla alikuwa na miaka kumi na tatu. Katekisimu aliijua yote, na akianza kuimba hata Bi Mwanaisha aliacha kushona kofia akasikiliza. Mimi nilikuwa na kumi na tano, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Siku moja ikaja barua ya Padri. Mombasa kungekuwa na mkutano mkubwa wa vijana Wakatoliki wa pwani nzima, na Lamu tumepewa nafasi moja. Aje Tekla, ndivyo Padri alivyoandika. Wazazi wetu hawakujua kusoma, na Tekla alikuwa kisimani. Baba akaniambia, "Soma, mwanangu." Nikasoma yote kama yalivyoandikwa, ila pale pa jina nikataja langu. Kisha barua nikaitia motoni.

Tekla aliporudi akaambiwa, alitua ndoo polepole. "Hongera, dada," akasema, akaenda nyuma ya nyumba. Asubuhi ya safari Bi Mwanaisha alinifungia mikate ya mofa. "Twaa, mwanangu, ndia ni ndefu. Na mwenzio mbona alia?" Nikaondoka na karani mmoja aliyekuwa akienda likizo, tukavuka kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kupanda lori.

Padri aliponiona Mombasa alitazama nyuma yangu. "Tekla yuko wapi?"

"Anaumwa, Padri."

Akasikitika, akatoa rozari mfukoni. "Mpelekee. Mwambie namwombea."

Wakati wa misa mamia ya vijana wakauanza wimbo ule ule ambao Tekla alikuwa akiimba peke yake chumbani kwetu. Nililia mpaka mtawa mmoja akanishika bega, akidhani nimeguswa na Roho.

Nyumbani nilimpa Tekla rozari, nikamwambia nimemnunulia. Akanikumbatia. Padri alihamishwa kabla hajarudi Lamu, hivyo hakuna aliyejua. Lakini Tekla, aliyetaka utawa tangu utotoni, hakuimba tena. Mama alipomkumbusha habari za utawa alijibu, "Padri anayenijua hakuniona nafaa hata kwa mkutano, Mama. Masista wataniona nafaa?" Akaolewa na mwanamume aliyempiga miaka ishirini. Kila alipokimbilia kwangu nilimfungulia mlango nikijua nani aliyemfikisha pale.

Sasa ana saratani, hospitali wamemrudisha nyumbani. Niliwahi kuungama, padri akaniambia niende nikamwombe msamaha, nikashindwa. Wiki jana alinishika mkono, mkono wenyewe mifupa mitupu. "Dada, wewe ulionana na Padri kule Mombasa. Hakukuambia aliona kasoro gani kwangu? Nataka nijue kabla sijafa."

Nikamwambia, "Sikumuuliza." Neno lenyewe ni kweli, lakini nililitumia kumdanganya tena, naye ni mgonjwa.

Wanangu, nikimwambia kweli atajua hakuwa na kasoro yoyote, lakini pia atajua maisha yake niliyaharibu mimi, na hana tena siku za kuupoza uchungu huo. Nikinyamaza atakufa akiamini Mungu alimkataa. Mjukuu wangu hapa ameacha kuandika mara mbili, analia, wala hanitazami.

Kesho kutwa naenda tena kumwona. Nishaurini. Nikishakaa kando ya kitanda chake, nianze na neno gani?