Kompyuta ya Mjomba Ilikuwa Nzima

Mjomba alikuwa mpiga chapa tangu enzi za mashine za kuchapia za utepe wa wino, na watu wa mtaa walimwita Nukta, kwa sababu hakuweza kuona sentensi imekwisha bila nukta akanyamaza. Barua ya kuomba kazi, mtihani wa shule, tangazo la kiwanja: ukimpelekea maandishi machafu, alikurudishia karatasi safi pamoja na kukufokea kidogo. Kazi aliifanyia kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, printa imekaa juu ya kasha la mbao. Mkewe alishafariki, na hawakujaliwa mtoto. Aliyekuwa naye ni mpwa wake, binti wa dada yake marehemu, aliyemlea tangu hajui kufunga viatu.

Mpwa huyo sasa alikuwa mbali, safari ya kutwa kwa basi, akifanya kazi kitengo cha kompyuta katika hospitali kubwa. Wauguzi na makarani walimsumbua mchana kucha: printa imekwama, paswedi imekataa. Akishawamaliza hao, lilikuwa likimngoja la mjomba.

"Mwanangu, mashine yako inanionea."

"Imefanya nini tena, Mjomba?"

"Nimeiambia ichape, imenyamaza kama mkwe mgeni. Inazungusha tu kile kiduara chake."

"Subiri, inafikiri."

"Inafikiri! Mimi na uzee wangu nimeshafikiri, nimemaliza, nimesahau."

Wakacheka. Hawakuwa watu wa kupigiana simu kwa salamu tupu. Kila mmoja alihitaji kisingizio, na kompyuta ilikuwa kisingizio kizuri.

Lalamiko la skrini lilianza kidogo kidogo. Mjomba alisema inafifia pembeni. Mpwa akamwelekeza namna ya kuongeza mwanga, kukatulia. Baadaye herufi zikawa hafifu, wakazikuza. Kisha kishale kikawa kinamtoroka, "kinajificha kama paka aliyeiba nyama." Mpwa akamfundisha kukikuza na kukitia rangi nyekundu. Kila mara mambo yalitengemaa, halafu yakaharibika upya. Mwishowe fundi wa jirani akaleta skrini nyingine, kubwa zaidi. Mjomba alimsifu fundi huyo kwa muda mfupi, kisha akaanza kumwita mwizi: hii nayo mbovu.

Kazi zikaanza kuharibika. Mtihani wa shule ulitoka na maswali yaliyorukwa, mistari imekatwa upande wa kushoto. Mwalimu mkuu, mteja wa tangu zamani, alikuja mwenyewe, akaweka karatasi mezani kwa adabu, akasema, "Mzee, pumzika kidogo." Hakurudi tena.

"Kompyuta inakula maneno, lawama napewa mimi," mjomba alilalamika kwenye simu.

"Ngoja niiangalie mwenyewe. Kuna programu, tukiiweka, nitaiona skrini yako nikiwa hapa hapa kazini."

"Utaona ninachokiona mimi?"

"Hicho hicho."

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na wenzake walikuwa wametoka. Alimwelekeza hatua kwa hatua, kwa taabu zaidi kuliko siku zote, maana mjomba hakukiona kitufe hata alipotajiwa kilipo. Hatimaye skrini ya mjomba ikafunguka mbele yake. Ilikuwa nyeupe pe, herufi kubwa kama mayai. Hapakuwa na giza popote.

"Umeliona hilo giza?" mjomba akauliza.

"Bado naangalia. Sasa usiguse kitu, tazama katikati tu. Nakisogeza kishale mimi, ukikiona, niambie."

Akakiweka pembeni kushoto.

"Bado," alisema mjomba.

Akakipeleka juu.

"Bado. Umeanza kweli?"

Akakipeleka kulia, kisha akakivuta polepole kuelekea katikati. Kilipokaribia kabisa kitovu cha skrini, mjomba akapaza sauti kwa furaha, "Hicho hapo! Umekitoa wapi?"

Akajaribu kutoka pande nyingine. Kila mara kilionekana mle mle, ndani ya duara lisilozidi mdomo wa kikombe. Akakiachia kipanya. Alikuwa ameshajua kwamba anachokipima si mashine.

"Mbona kimya? Imeharibika sana?"

"Mjomba, kompyuta ni nzima."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Skrini haina kasoro. Ni macho yako, Mjomba."

Lori lilisikika likipita barabarani kwa mjomba. Kisha akasema taratibu, "Wewe ulisomea kompyuta, hukusomea macho," akakata simu.

Tangu hapo mjomba akawa hapokei simu. Mpwa akashuka kliniki ya macho ya pale pale hospitalini, akamsimulia muuguzi mmoja aliyemzoea. Muuguzi akaweka kalamu chini. "Hiyo ni presha ya macho. Haiumi. Inaiba kutoka pembeni, mwenye mali hana habari. Usiseme utamleta kesho. Ilikuwa umlete jana."

Aliomba ruhusa, akapanda basi.

Nyumba ilimweleza yote ambayo simu haikuyasema. Miundi ya mjomba ilikuwa na makovu na vidonda vibichi, vya kujigonga kwenye meza na kizingiti. Ukuta wa jikoni ulikuwa na doa la masizi, pale kitambaa kilipowahi kushika moto. Vikombe vilivyobaki vilikuwa vya bati tu. Mjomba alisimama mlangoni ameinamisha kichwa upande, akimtafuta kwa kile kidirisha kidogo kilichosalia.

"Ni wewe," akasema.

"Umeniona?"

"Nimesikia hatua zako."

Hakubisha tena, wakaenda hospitali. Daktari wa macho, mama mwenye sauti ya upole, hakuwazungusha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki katikati tu. Dawa ya matone ingejaribu kulinda hicho kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi.

"Mngekuja mapema..." daktari alianza.

"Mapema lini?" mjomba akauliza.

"Pale ulipoanza kuona giza pembeni."

Wote wawili walijua wakati huo walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakiongeza mwanga.

Nje, kwenye benchi, mjomba alipapasa mpaka akaupata mkono wa mpwa wake. "Usijibebeshe lawama. Mimi ndiye niliyekwambia ni mashine, na wewe ni fundi wa mashine." Akaubana ule mkono. "Na usilie ukidhani sijui. Masikio bado mazima."

Waliporudi nyumbani, mpwa alimsihi ahamie kwake. Mjomba akakataa katakata: "Hapa najigonga, lakini najigonga kwenye vitu vyangu." Mshonaji wa nyumba ya pili, mjane, akakubali kumtilia matone asubuhi na jioni. Kabla ya kuondoka, mpwa aliiwekea kompyuta sauti ya kusoma maandishi. Mjomba akaisikiliza mistari michache. "Mwambie ateme mawe kwanza," akasema, na akaamuru izimwe. Kibao cha kazi kilichokuwa mlangoni alikishusha mwenyewe, akakiegemeza ukutani kikitazama ndani.

Jicho la kulia lilishikilia kwa muda, kisha nalo likaanza kuaga. Hata hivyo kila asubuhi aliketi mezani akapiga chapa ukurasa mmoja, vidole visije vikasahau. Mpwa aliufungua kutoka kazini, akamsomea kwa simu. Mara nyingi yalikuwa mambo ya mtaani tu: mfereji umeziba, mtoto wa fulani ameoa.

Asubuhi moja ukurasa ulianza hivi: "Jsnsto xs ,s,s uslp/". Ukaendelea hivyo hivyo hadi chini.

"Soma, basi," alisema mjomba. "Leo nahisi nimeandika vizuri. Nimemwandika mama yako."

Mpwa angeweza kutunga. Lakini mama yake alikufa yeye akiwa mdogo mno. Hakuwa na cha kutunga.

"Mjomba, vidole vilikaa vibaya. Hayakutoka maneno."

"Ukurasa mzima?"

"Mzima."

Cherehani ya jirani ilisikika kwa mbali ikikimbia, ikisimama.

"Ufute," akasema.

"Si unisimulie kwa mdomo?"

"Kwa mdomo ningekuwa nimeshakusimulia zamani." Akakata.

Hakuufuta. Saa ya chakula aliona vidole vilikuwa vimekaa kitufe kimoja upande wa kulia, akaanza kurudisha herufi moja moja. Mistari ya mwanzo ikafunguka: Habari za mama yako. Alikuwa na kicheko kibaya, kama mlango usiotiwa mafuta, wala hakukionea haya. Siku uliyozaliwa, alini... Kuanzia hapo vidole vilikuwa vimepotea moja kwa moja, vikirukia huku na huku, na hapakuwa na njia ya kuvifuata.

Akampigia, akamsomea hayo machache. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Alini nini, Mjomba?"

Sauti ya mjomba ikasogea karibu zaidi na simu.

"Alinicheka," mjomba akasema. "Nililia kuliko wewe."