Nakhumicha Akiinama, Hakuna Kuvuka Laini

Nakhumicha anafanya kazi kwa posho mill karibu na kwetu, hapa Eldoret. Anabeba gunia la kilo tisini kama mtu anayebeba mtoto, na jioni anacheza mpira wa Kimarekani na timu ya wanawake. Mimi nilidhani ni raga. Akanicheka.

"Raga ni ya wavulana, kina Brian. Huu wetu hauanzi mpaka mimi nitake."

Yeye ni senta. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka na mimi, akaniingiza kwa timu. Senta anaweka chini ule mpira wenye ncha mbili, anainama, anaushika, halafu anaurusha nyuma kwa mwenzake mara moja, bila kusita. Akiutingisha kidogo kudanganya watu, ni makosa yake. Lakini kabla hajautoa, mpinzani akivuka laini ya pale mpira ulipo, ni makosa ya mpinzani.

"Na wakikupigia kelele ndio ushtuke?"

"Wapige. 2008, zile fujo za uchaguzi, nilipigiwa kelele nitoke, nikatoka na sufuria moja. Nikakaa kwa hema pale showground miezi nane. Nikarudi kwa ploti ile ile, nikajenga. Sasa nikiinama pale, nani ananitoa?"

Kumbe kuinama kwenyewe ndiko kulileta shida. Uwanja ni wa kanisa, na mwenyekiti wa kamati ni Mzee Zachariah. Mwaka huu wa 2012, siku tatu kabla ya mechi na wasichana wa Chepkoilel, alituma neno: mwanamke hawezi kuinama vile mbele ya watu akipitisha mpira katikati ya miguu. Ama Nakhumicha abadilishwe, ama geti lifungwe.

Kochi wetu, Madam Cherono, alisoma kitabu chote cha sheria, akaja mbio.

"Haisemi lazima upite katikati ya miguu! Unaweza kusimama kando, uurushe kwa ubavu!"

Tulishangilia sana. Nakhumicha akajaribu mara tatu, na mpira ulifika vizuri. Kisha akauweka chini.

"Unafika. Lakini sifanyi hivyo."

"Aki kwa nini sasa?" Madam akauliza.

"Kwa sababu si sheria imenikataza. Ni Mzee."

Jumamosi geti lilikuwa wazi, Mzee akidhani tumetii, lakini Nakhumicha akainama kama kawaida. Mzee Zachariah alikuwa amekaa kwa kiti upande wa Chepkoilel.

"Mama! Tulisema nini?"

Nakhumicha hakuinua kichwa. Mkono ulikuwa kwa mpira. "Mzee, 2009 nilipalilia mahindi yako ekari mbili. Nilipalilia nikiwa nimesimama?"

Watu walicheka. Hata mke wa Mzee, Mama Rosebella, alifunika mdomo na leso.

"Ile ilikuwa kazi!"

"Na ulikuwa umekaa kwa kivuli ukiangalia. Macho hayakukuuma?"

Mzee akasimama na bakora yake, akaingia uwanjani moja kwa moja kuuchukua ule mpira. Nakhumicha hakutingisha hata kidole. Refa, kijana anaitwa Murunga, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakafura.

"Kuvuka laini kabla mpira haujatoka! Yadi tano!"

"Huyo si wetu!" wasichana wa Chepkoilel wakalia.

"Ametoka upande gani? Wenu. Yadi tano!"

Mpira ukasogezwa mbele, ukapita viatu vya Mzee. Akanyoosha bakora kuelekea getini.

"Hii geti..."

"Funga Jumatatu," Nakhumicha akamwambia. "Leo toka kwa laini, Mzee, tucheze."

"Baba Rosebella, kuja ukae," mkewe akaita. Akaenda, polepole, bila kuangalia mtu.

Nakhumicha akainama tena. Wale wasichana mbele yake walikuwa wakipumua kwa nguvu, wakingoja. Aliwaweka pale kidogo. Halafu mpira ukapita katikati ya miguu yake, ukagonga viganja vya mwenzake, pa!

Kweli Jumatatu tulikuta kufuli. Tukafanya mazoezi nje, kwa nyasi kati ya ua na barabara, boda boda wakisimama kutazama. Senta alikuwa yeye.