Swali Walilolizoea Darasa la Nne

Darasa la nne walimwita mwalimu wao Mama Mihimili, maana haikupita siku bila kuwaimbisha mihimili ya dola: Bunge, Serikali, Mahakama. Uraia na historia ya nchi alivifundisha kwa sauti. Akiuliza, wanasimama, wanajibu kwa pamoja hadi mabati yanatetemeka.

"Akija mkaguzi, akija nani, mkiulizwa jibuni. Mwoga hasomi."

Aliyewashinda wote kwa kelele alikuwa kitinda mimba wake mwenyewe, binti waliyemwita Kipaza.

Asubuhi ile risasi zilianza kulia upande wa ikulu katikati ya hesabu. Mama Mihimili akafunga madirisha, akawalaza watoto sakafuni. Kuwatoa nje kungekuwa kuwapeleka machinjoni.

Mlango haukubishwa, ulivunjwa. Wakaingia wanajeshi wawili, macho mekundu, buti zimelowa damu isiyo yao. Mmoja, mrefu, akaipiga picha ya rais ukutani kwa kitako cha bunduki. Vioo vikawamwagikia watoto.

"Simameni! Rais wa nchi hii nani?"

Masikini, ndilo swali walilolijua kuliko yote. Wakasimama na vioo vichwani, wakalitaja kwa pamoja jina la yule wa kwenye picha.

Mrefu akamkaba Kipaza kola. "Wewe mwenye domo. Rudia."

Kipaza akarudia. Kofi likamtupa juu ya dawati, jino likaruka.

Mama yake alijikuta katikati yao, hajui miguu imemfikishaje. Kitako kikamshukia mkononi, mfupa ukalia kama ukuni mkavu.

"Umewajaza ujinga! Wafundishe rais mpya!"

"Nitawafundisha, baba. Nipe jina."

Mrefu akamgeukia mwenzake. "Anaitwa nani?"

"Unaniuliza mimi? Redio tangu alfajiri inapiga bendi tu!"

Mtoto mmoja akacheka. Bunduki ikakokiwa.

"Kaeni," Mama Mihimili akasema. "Kimya."

Hawakuwahi kulisikia neno hilo kwake. Wakakaa. Mtutu ukamwelekea Kipaza usoni.

"Nauliza mara ya mwisho."

Mtoto akavuta pumzi. Mama alimjua mwanawe: huyu yuko radhi afe na jibu lake. Akamziba mdomo kwa mkono uliobaki mzima. Kipaza akamng'ata. Meno yakazama, damu ya mama na ya mwana ikatiririka kidevuni, na mama hakuachia. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nje honi ikalia. "Achana nao," mwenzake akasema, "lori linatuacha."

Mrefu akamtia mama teke la mbavu, akatoka.

Buti zilipotea uani, lori likanguruma likaenda, naye bado ameubana ule mdomo. Alipoachia, Kipaza akatema damu, akamwita kama alivyozoeshwa darasani.

"Mwalimu, si ulisema tukiulizwa tujibu?"

"Nyamaza," akasema. "Mshike mwenzako mkono."